Kihamba na Furaha ya Mzazi

Ushairi wa mwambao humwimba mtoto katika nyakati mbili. Wa kwanza ni wakati wa kuongolewa, angali kifuani mwa mamaye, na nyimbo za kumbembeleza alale ni hazina ambayo kila nyumba ina fungu lake. Wa pili ni wakati wa wasia, mwana amekwisha kupevuka na mzazi anahisi kwamba safari imekaribia. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa taabani kwa maradhi, ili amwachie binti yake Mwana Hashima maneno ya kumwongoza. Takriban miaka miwili baadaye akafariki. Karne moja haijatimia, Shaaban Robert akamtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Baina ya wimbo wa kuongoa na utenzi wa wasia iko miaka mingi ambayo washairi wameivuka kwa hatua ndefu. Mtoto wa miaka sita anayevunja mtungi, kijana wa miaka kumi na mitatu ambaye haitiki akiitwa, mwana wa miaka ishirini na mitano anayemtazama babaye kwa jicho la kudai: hao hawakuimbwa sana. Nao ndio wanaokaa na mzazi siku nyingi zaidi.

Wataalamu wa zama hizi wamejaribu kuipima miaka hiyo kwa njia zao. Mnamo 2016 Suniya Luthar na Lucia Ciciolla walichapisha utafiti juu ya akina mama zaidi ya 2,200 wa Marekani, wengi wao wasomi wenye nafasi, na wakaona kwamba waliolemewa zaidi ni wale wenye watoto wa umri wa miaka 12 hadi 14 hivi. Wenye watoto wachanga, pamoja na uchovu wao wa kukesha, walikuwa na nafuu. Na wenye watoto waliokwisha kuwa watu wazima walikuwa na nafuu pia. Miaka mitano kabla yao, Rachel Margolis na Mikko Myrskylä walikusanya majibu ya watu wa nchi 86 na wakaonyesha kwamba kwa wazazi walio chini ya miaka 30 furaha hupungua kadiri watoto wanavyoongezeka, ilhali kwa waliovuka 40 mambo hugeuka. Ukiichora habari hiyo, msomaji, utapata umbo la bonde: juu wakati wa uchanga, chini wakati wa kubalehe, na juu tena mwana anapojitegemea.

Bonde hilo, hata hivyo, limechorwa zaidi katika nchi ambako mtoto hula asichokilima tangu azaliwe hadi aondoke nyumbani, na akiondoka hamnyang'anyi babaye mahali pa kusimama. Penye ardhi kidogo na urithi wa kugawana, umbo hubadilika. Hakuna mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo badiliko hilo linaweza kufuatwa kwa karne nzima na zaidi kama miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, kwa sababu Wachagga wameandikwa na wamejiandika wenyewe kwa wingi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika huko mnamo 1902 na hakuondoka moja kwa moja hadi 1938. Aliandika kuhusu sheria za Wachagga na kukusanya mafundisho ya jando yao katika majuzuu matatu. Otto Raum, mwana wa mmisionari, alitoa mnamo 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga. Na Petro Itosi Marealle, aliyekuwa Mangi wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichochapishwa mara ya kwanza mnamo 1947. Kitabu hiki cha mwisho kingestahili kusomwa zaidi huku pwani kuliko kinavyosomwa, kwani ni mwenyeji anayesimulia ya kwao, na kwa lugha ambayo msomaji wa mwambao hahitaji mkalimani.

Uzazi ulikuwa kilele. Mama aliyejifungua alikaa ndani takriban miezi mitatu. Hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, hakubeba mzigo. Alilishwa mtori, yaani ndizi zilizopondwa na kupikwa kwa nyama na mafuta, akanyweshwa maziwa na damu ya mnyama, na mume aliyeshindwa kumchinjia mkewe alisemwa sokoni. Miezi hiyo ilipotimia alinyolewa, akavikwa shanga na ngozi iliyopambwa, akashika fimbo kama mzee, kisha akaongozwa polepole kwenda sokoni huku akiimbiwa nyimbo za namna ile walizoimbiwa wapiganaji waliorudi vitani. Mwambao una arobaini yake, na msomaji atauona udugu wa mila hizi mbili; lakini fimbo ya mzee mkononi mwa mzazi mpya ni jambo la mlimani, na halikuwa pambo tu. Mwanamke aliyeingia katika nyumba ya watu kama mgeni alikuwa sasa na mzizi katika ardhi ile. Kabla ya hapo angeweza kurudishwa kwao kwa kosa dogo. Baada ya hapo, hasa akiwa amezaa mwana wa kiume, kumwondoa kulihitaji baraza la ukoo.

Furaha hiyo, lakini, ilikuwa na tahadhari ndani yake. Watoto wengi walikufa kabla ya kutambaa, na ukoo haukumpokea mtoto kikamilifu hadi meno yalipotoka. Aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa kuwa ni mkosi, na zamani hakuachwa aishi. Wamisionari walilipiga vita jambo hilo tangu miaka ya mwanzo ya 1890, walipojenga vituo vyao Kilema na Machame, na walikuwa na haki. Anayetaka kuisifu mila ya fimbo na shanga hana budi kuitaja na hii, maana zilikaa katika nyumba moja.

Baada ya meno na kuachishwa ziwa, mtoto alianza kurudisha. Hapa ndipo umbo la mlimani linapoachana kabisa na lile la Marekani. Msichana wa miaka sita au saba alikuwa mlezi wa mdogo wake, akimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Mvulana alichunga mbuzi, akachota maji katika mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani, na alipokua kidogo akafuata wanaume kwenda kuuzibua. Ng'ombe wa Kichagga hufugwa ndani na kuletewa majani, na majani hayo aghalabu hutoka tambarare ya chini, mwendo wa saa kadhaa. Kila mgongo ulioongezeka nyumbani ulikuwa nafuu kwa mgongo wa mama. Miaka 12 hadi 14, ambayo kwa mama wa Marekani ni shimo la bonde, kwa mama wa Kilema au Kibosho ilikuwa miaka ambayo, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe, aliweza kukaa chini jioni.

Isidhaniwe kwamba nyumba zilikuwa na amani tupu. Raum anaeleza adhabu, vitisho, na ujanja wa watoto wa kuzikwepa. Anaeleza pia michezo yao, na jambo moja alilolitilia mkazo ni kwamba mchezo wa mtoto wa Kichagga haukuwa kumwiga mkubwa tu bali pia kumdhihaki. Watoto waliojenga vibanda vyao migombani na kucheza baba na mama waliwacheza wazazi wenye ugomvi, wenye kulewa mbege, wenye kujifanya wakubwa. Mzazi aliyepita karibu alijiona katika kioo kisichompendeza. Hilo nalo ni sehemu ya ulezi, na watu wa mashairi ya kejeli hawatashangaa kwamba kejeli ya kwanza hutungwa na mtoto.

Babu na bibi walikuwa na haki zao. Majina yalirudi kwao: mwana wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hali kadhalika. Mjukuu aliyekwisha kuachishwa ziwa aliweza kupelekwa kwa bibi akakaa huko miaka, akiota moto na kutumwa kazi ndogo ndogo. Kwa mzazi kijana ilikuwa kupunguziwa mzigo. Kwa mzee ilikuwa kuletewa mikono na mazungumzo. Jambo hili litarudi baadaye kwa sura ya kuhuzunisha.

Kisha kijana alitolewa mikononi mwa wazazi na kutiwa mikononi mwa rika lake. Mafundisho ya jando ya Wachagga yalikuwa marefu, na wapenzi wa ushairi watavutiwa na namna yalivyohifadhiwa: mwalimu alishika fimbo iliyochongwa alama, iliyoitwa mregho, na kila alama ilikuwa na wimbo wake na somo lake. Ilikuwa ni diwani isiyoandikwa kwa herufi. Humo mlikuwa na habari za kutungwa mimba na kukua kwa mtoto tumboni, heshima kwa mama aliyemzaa, wajibu wa mume, na ukumbusho kwamba naye kijana atakuwa mzee wa kutunzwa. Taasisi hiyo ilififia upesi chini ya utawala wa kigeni na dini mpya. Gutmann aliyakusanya mafundisho hayo wakati yanaondoka.

Kijana alipotoka jando, alianza kutazama ardhi, na baba alianza kukosa usingizi.

Kihamba ndilo neno. Ni shamba la nyumbani katika ukanda wa migomba, baina ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari: nyumba katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba maharage na viazi vikuu, na tangu karne ya 20 kahawa. Mpaka wake hupandwa isale, mmea wenye majani marefu usiokauka upesi. Makaburi ya ukoo yamo humo humo. Kihamba hakikuwa mali ya kuuzwa sokoni, kilikuwa mahali ambapo wafu na wazima walikaa pamoja, na kijana asiye na kihamba hakuwa na mahali pa kuleta mke, wala pa kuzikwa.

Mila iligawa hivi. Kifungua mimba alipooa, baba alimtafutia kihamba chake, na aghalabu alimkatia karibu. Kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi. Yeye ndiye aliyewatunza uzeeni, akawazika, akarithi walipokuwa wakikaa. Waliozaliwa katikati walielekezwa kwa Mangi kuomba pori, au walisaidiwa na ukoo kufyeka mahali papya. Kwa muda mrefu mpango huu ulikuwa na hekima yake. Mkubwa alipata heshima, mdogo alipata nyumba pamoja na mzigo wake, na wa katikati walipata uhuru na jasho. Baba aliweza kuwapenda wote kwa sababu mlima ulikuwa bado na nafasi.

Nafasi ilikwisha. Kahawa iliyoanza katika bustani za misheni ilienea kwa wenyeji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mnamo 1925 wakulima waliunda chama chao, na mnamo 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake mjini Moshi bado linajulikana na kila mgeni. Mbuni ni mti wa miaka mingi. Aliyeupanda hawezi kusema kesho atahamia kwingine, na aliyeazimwa ardhi akaupanda hatoki tena bila shauri. Pori ambalo Mangi aliligawa likawa shamba lenye mwenyewe. Kufikia uhuru, ukanda wa migomba ulikuwa umejaa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 652,722 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Ile ya 2022 ilihesabu 1,861,934. Hesabu hizo zinachukua na Upare, na mji wa Moshi umo ndani yake, lakini mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Kilimanjaro kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika mnamo 1986 kitabu juu ya sheria za kimila za mlima huo kwa muda wa miaka mia moja, 1880 hadi 1980. Humo mashauri ya ndugu kwa ndugu yanafuatana kama shanga katika uzi: migomba michache, njia ya kupita, mstari wa isale uliosogezwa usiku. Ndani ya mashauri hayo yuko mzazi ambaye hasemi sana. Akimkatia mwana wa pili kipande, anapunguza ndizi za mama yao. Akikataa, mwana haoi, na asipooa jina la babu halirudi. Mwana aliyekuwa furaha sokoni, akaimbiwa kama mpiganaji, amerudi kuwa shitaka. Wahenga wa mwambao husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa baba wa Kichagga mwenye wana watano katika miaka ya 1950, kulea kulikuwa kumekwisha na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo bonde la furaha mlimani halikuwa katika umri wa kubalehe. Lilisogea mbele, likawa katika umri wa ndevu. Na lilikuwa la upande mmoja: mzazi hakuteseka kwa watoto wote sawasawa. Kifungua mimba alikwisha kupewa chake. Kitinda mimba alikuwa na chake kinamngoja, na kwa sababu hiyo alikuwa karibu zaidi na mama, akimsikiliza na kumvumilia. Uchungu ulikuwa kwa wa katikati. Mila haikumkataa mtoto huyo. Ilimwahidi pori, na pori likatoweka.

Isale, mmea ule ule wa mpaka, ulikuwa pia mmea wa msamaha. Mwana aliyemkosea babaye, au ndugu aliyemkosea nduguye, alifunga fundo jani la isale akalipeleka, na aliyeletewa jani hilo hakuwa na ruhusa ya kukataa. Kuna jambo la kufikirisha katika kuona kwamba jani la kusema "hapa ni pangu" na jani la kusema "nimekosa" ni jani moja. Kama mshairi angelitunga angeambiwa amezidisha. Lakini ndivyo mimea ilivyopandwa, na pengine ndivyo ugomvi ulivyopatanishwa, kwa kukumbuka kwamba chanzo na dawa viliota katika mstari mmoja.

Njia ya kutoka ilikuwa shule. Fedha za kahawa ziligeuzwa ada, na tangu miaka ya mapema wazazi wa Kilimanjaro walijulikana kwa kujenga madarasa kwa mikono yao na kusukuma watoto mbele; baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1980, shule za sekondari za wazazi na za makanisa ziliongezeka huko kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Mtu wa nje huona ari ya elimu tu. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya baba: mwana wa katikati asiyeweza kupewa ardhi apewe cheti. Daftari lilikuwa kihamba cha asiye na kihamba. Mila haikumhesabu binti katika mgao, lakini darasani naye alipata fungu.

Mabadiliko haya yaligeuza tena umri wa furaha. Mtoto wa miaka kumi ambaye zamani alichunga mbuzi sasa yuko darasani, na nguvu zake ni za asubuhi kabla ya kengele na jioni baada yake. Umri wa msaada ukawa umri wa gharama. Mnamo 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na wakulima waliokuwa wakilipia watoto wawili au watatu kwa gunia la kahawa wakajikuta hawawezi kumlipia hata mmoja. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mboga. Ada za shule za msingi zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na za sekondari za serikali mnamo 2016, ikawa nafuu kubwa; hata hivyo sare, chakula, na shule za kulipia ambazo wazazi wengi wanaziamini zaidi hazikufutwa. Wazazi wa leo huzaa watoto wachache kuliko bibi zao, na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania Bara yenye uzazi mdogo. Hapo mlima unaanza kufanana na nchi za mbali katika mchoro ule wa bonde, na kufanana huko hakukuletwa na utafiti wowote. Kumeletwa na ada na uhaba wa udongo.

Waliosoma na wasiosoma waliteremka: Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, Nairobi, migodini na bandarini. Duka la Mchagga likawa methali ya nchi nzima. Furaha ya mzazi ikawa ya barua, kisha ya simu, kisha ya fedha zinazoingia kwenye simu. Lakini miaka ya 1980 ilileta jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya mtu yeyote. Ukimwi ulitambuliwa nchini mnamo 1983, kule Kagera, na haukuchelewa kufika Kilimanjaro. Philip Setel, aliyeuchunguza ugonjwa huo Kilimanjaro na kutoa kitabu chake mnamo 1999, alionyesha kwamba haukuja mlimani kama mgeni tu: ulisafiri katika njia zile zile ambazo uhaba wa ardhi ulikuwa umewasukuma vijana kuzipita, njia za biashara na kazi za mbali. Waliotoka kwa kukosa kihamba walirudishwa kihambani kuzikwa.

Mila ya Kichagga ilikuwa na utaratibu wa mwana kumzika baba. Haikuwa na utaratibu wa baba kuwazika wana watatu katika miaka sita. Mzee aliyekuwa amefika umri ambao, kwa kila mchoro na kila mila, ni umri wa kupumzika, alianza upya: mtoto wa miaka minne mgongoni, wa miaka tisa shuleni, na mwenyewe ana miaka sabini. Hapo ndipo ile desturi ya mjukuu kukaa kwa bibi ilipopata sura nyingine. Zamani mjukuu alipelekwa kwa bibi ilhali wazazi wake wako hai ng'ambo ya mgomba. Sasa alipelekwa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Hata hivyo desturi ilikuwapo, na maadamu ilikuwapo haikuhitaji kubuniwa siku ya msiba. Ni vigumu kusema kwamba bibi hao walikuwa na furaha. Ni vigumu pia, kwa aliyewaona wakimfundisha mjukuu jina ambalo ni la babu yake aliyelala hatua kumi kutoka mlangoni, kusema kwamba hawakuwa nayo kabisa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini kuanzia 2004, na makaburi mapya yakapungua.

Leo kalenda ya furaha ya mzazi mlimani ina mwezi mmoja. Desemba inapofika Wachagga hupanda kwao, na watu wa makabila mengine huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, na mnamo Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya, treni ya abiria ilirejea hadi Moshi na wengi wakaipokea kama jamaa aliyepotea. Kihambani huchinjwa mbuzi au ng'ombe, na nyama hugawiwa kwa daraja: fungu la baba halilingani na la mjomba, na mtoto mkubwa hatoi mkono kabla ya mzee. Mbege ya ndizi na ulezi huzungushwa katika kata. Kwa wiki mbili mzee ana kila umri mbele yake: mwana wa miaka hamsini anayemjengea choo kipya, binti aliyekuja na gari lake, mjukuu wa miaka kumi na mitatu ambaye haondoi macho kwenye simu, kitukuu anayeongolewa. Kilimanjaro ya leo haikosi nyumba za akina mama zilizojengwa na mabinti, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Bado katika vikao vya ukoo suala la kumkatia binti kipande cha kihamba huzungumzwa kwa sauti ya chini, na aghalabu kikao huahirishwa hadi Desemba nyingine.

Wiki hizo mbili ndipo pia mashauri hufunguliwa. Nani atajenga wapi, isale ya upande wa mto ilipandwa na nani, nani atabaki na wazee. Ndugu waliotumiana fedha kwa upole mwaka mzima hunyamaziana baada ya kikao kimoja. Kisha Januari inaingia, shule zinakaribia kufunguliwa mjini, na magari yanateremka kufuata barabara ya Moshi. Juu kunabaki wazee, mjukuu mmoja au wawili, ng'ombe wa kuletewa majani, na nyumba nzuri zilizofungwa makufuli zinazolindwa na kijana wa kijiji kingine. Kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye wa kubaki, naye yumo katika basi.